Mwanafunzi wa Zamu

Wachumaji wenzake walimwita Mama Tela kwa sababu mtoto wake wa kwanza alizaliwa juu ya tela la trekta, katikati ya shamba la pamba na shamba la vitunguu, na dereva hakusimama. Dereva mwenyewe hadi leo anajitetea. Anasema aliombwa kusimama wakiwa mlimani, na trekta lile likisimama mlimani haliondoki tena mpaka lisukumwe, na mwenye nguvu za kusukuma kuliko abiria wote ndiye aliyekuwa anazaa. Mama Tela hamlaumu. Anasema heri hakusimama, maana angesimama watu wote wangeshuka kuja kutazama.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo na mdomo ambao mnyapara aliuogopa kuliko jua. Maisha yake ya utu uzima yalifuata mazao. Nyanya zikiiva huku, yuko huku. Zikiisha, tela linapakia watu, masufuria, magodoro na kuku, linakwenda kwenye vitunguu. Baada ya vitunguu, pamba. Halafu nyanya tena. Watu wa ofisini huuita mtindo huu uhamahamaji, nao hulitamka neno hilo kama wanavyotaja homa. Yeye aliuita kazi. Ukimwuliza kwao ni wapi, alikujibu kwa jina la zao: "Kwa sasa kwetu nyanya."

Katika kundi lao ilikuwepo sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na aliyeivunja hakubaki na rafiki. Ilikuwa sheria ya mstari. Mnyapara husafiri na watu wake, na kila shamba wanalofika huigawia kila nyumba mstari wake wa mimea, kwa mpangilio uleule wa siku zote. Mstari ni wa nyumba, si wa mtu. Ukiugua, mumeo anachuma. Mumeo akilewa, mama mkwe anachuma. Mama mkwe akinuna, mtoto mkubwa anachuma. Mnyapara haulizi aliyeinama ni nani. Anatazama tu kama kuna mtu ameinama. Mstari ukikaa bila mtu asubuhi moja, anavumilia. Ukikaa bila mtu asubuhi ya pili, unapewa nyumba nyingine, nawe unabaki kuomba vibarua mlangoni kama mgeni.

Nyumba ya Mama Tela ilikuwa na mstari wa kwanza kutoka mfereji, pale ambapo mimea hunywa kabla ya wenzake na kuzaa kama imebembelezwa. Aliurithi kwa shangazi yake, na shangazi aliurithi kwa mkwewe. Koo nyingine hurithishana nyumba na mashamba. Hawa walirithishana mahali pa kuinama, na walijivuna vilevile.

Mume alikuwepo. Walimwita Bwana Pumzi, kwa kuwa kila alipoombwa kitu alivuta pumzi kwanza, na mara nyingi kazi ikaishia hapo. Mgongo wake ulikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeuona, ila majirani wote walikuwa wameusikia. Kazi yake ilikuwa kulinda mizigo. Ni haki kusema kwamba katika miaka yote hiyo hakuna hata kijiko kilichoibwa, kwa sababu aliilalia.

Binti zao wawili walifuatana kwa mwaka mmoja na walifanana kama kandambili: ukiiona moja umeijua ya pili. Tofauti yao ilikuwa ndani. Mkubwa, yule wa kwenye tela, hakuwa na maneno, aliitwa Kimya. Mdogo wake alianza kusema kabla hajaota meno na hakuwahi kuzimwa. Huyo akaitwa Redio. Nyuma yao alikuwepo kitinda mimba wa kubebwa mgongoni, ambaye hana sehemu katika habari hii isipokuwa uzito wake.

Mama Tela alikuwa amesoma, kwa namna yake. Alipokuwa mdogo kila shamba lilikuwa na shule jirani, na kila shule ilimpokea mtoto mgeni kwa kumrudisha mwanzo, maana huko atokako nani anajua wanafundisha nini. "Mimi nimesoma darasa la pili katika mashamba matano," alipenda kusema. "Sehemu za ua nazijua mpaka leo. Darasa la tatu sikuliona hata kwa mbali." Ndiyo maana alitaka jambo moja, na alilitaka kwa ukaidi uleule aliokuwa nao juu ya ule mstari wa mfereji: apatikane mtu wa nyumba yake atakayekaa mahali pamoja mpaka masomo yaishe.

Mwaka ule walipofika kwenye nyanya, aliwapeleka mabinti wote wawili kwenye shule ya ng'ambo ya mfereji. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa koti na tai, hata wakati ambapo bati la ofisi yake lingeweza kukaanga yai.

"Darasa la sita limejaa," alisema. "Kimebaki kiti kimoja."

"Kimoja kinatosha, mwalimu."

"Basi tumwandikishe yupi?"

"Huyu," alisema Mama Tela, akamsukuma aliyekuwa karibu zaidi na mkono wake. Alikuwa Kimya.

Mwalimu mkuu alielewa kwamba binti mmoja amekosa. Mama Tela alielewa kwamba nyumba yake imepewa mstari. Wakashukuriana, wakaagana kwa heshima.

Toka siku hiyo kiti hakikukaa wazi. Kimya alikuwa na mikono myepesi kuliko mama yake, kwa hiyo siku ambazo lori la soko lilikuja, yaani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alihitajika shambani, naye Redio akaenda shule. Jumanne na Alhamisi Redio alibaki kumbeba kitinda mimba na kukijaza kichwa chake maneno, naye Kimya akaenda shule. Sare ilikuwa moja. Viatu vilikuwa jozi moja, na siku za Redio viliwekwa karatasi puani ili visimwache njiani. Nywele walikuwa wamenyolewa wote, kama wanafunzi wenzao.

Kila jioni walikutana bombani kukabidhiana, kama walinzi wanavyokabidhiana lindo.

"Leo umegombana na nani?" Kimya aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake refu kuliko yote kwa siku nzima.

"Na yule wa dirishani. Kesho ukipita usimsalimie."

"Mimi nampenda."

"Mpende siku nyingine, mimi sijamsamehe. Halafu yule mwenye pengo kaniazima rula. Usimpe mpaka arudishe kifutio."

"Kifutio gani?"

"Si wewe uliyemwazima? Nimemwona nacho."

"Mimi nilimwazima mwenzake."

"Basi vimekwenda viwili. Wewe ukiachiwa shule unaigawa."

Walikabidhiana ugomvi, mapatano, mahali pa kukaa na jina la mwalimu mwenye hasira wiki hiyo. Masomo hayakuwamo. Na ratiba, ambayo haikujua lolote kuhusu lori la soko, ilikuwa imepanga hesabu Jumanne na Alhamisi tu, kwa kuwa mwalimu wa hesabu aligawanywa kati ya shule mbili na siku nyingine alikuwa kwa wenzake. Kwa hiyo Redio alipita msimu mzima bila kuonana na hesabu hata mara moja, na Kimya akapita bila kusomewa hadithi hata moja mpaka mwisho wake.

Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye watoto themanini na sauti ya kuwatosha nusu yao. Huyu mwanafunzi wake mpya alimkosesha usingizi. Jumatatu alijibu hata maswali ambayo hayakuulizwa. Jumanne hakutikisa kope, ila ubaoni alikokotoa kama duka zima ni lake. Jumatano alirudi na umbea wa kambi nzima. "Ana akili lakini hana msimamo," mwalimu alimwambia mwalimu mkuu. Watoto wenzake walikuwa wamegundua siku ya tatu, wakampa jina la Zamu, na hawakumwambia mtu mzima yeyote, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewauliza. Mwalimu alidhani ni jina la nyumbani. Alilipenda.

Ndipo akaingia Afisa. Huyu alikuwa ameteuliwa kusimamia huduma za elimu kwa watoto wa wachumaji wanaohama, na alikuwa na gari lenye maneno hayo yote mlangoni, mengine yamekunjwa hadi kwenye tairi la nyuma. Alikuwa mtu mwema, mnene, mwenye haraka. Tatizo lake ni kwamba watoto aliopaswa kuwahudumia walikuwa wakihama, na yeye hakuwa na mafuta ya kuwafuata. Alipofika kwenye vitunguu, wamekwenda pamba. Alipofika pamba, alikuta majivu ya meko. Mara moja aliwahi kuwakuta wakiwa bado wapo, akawagawia mikoba yenye maandishi "Elimu Popote Ulipo." Zipu zilikatika siku hiyohiyo, lakini kitambaa kilikuwa kizuri, na mpaka leo hakuna kitu kinachobeba vitunguu kama ile mikoba.

Mwalimu wa darasa alimweleza juu ya Zamu. Afisa alilipeleka suala hilo kwenye semina, akalieleza mbele ya wataalamu kama mfano wa namna kuhama kunavyoipasua nafsi ya mtoto. Wataalamu walitikisa vichwa kwa huzuni, mmoja akachora mchoro wenye mishale, kisha wakaenda kunywa chai.

Lakini alirudi na jambo la maana. Shule moja ya bweni ya mjini ilikuwa imekubali kumchukua mtoto mmoja wa wachumaji, alale huko, ale huko, asome huko mpaka amalize. Mtihani ungefanyika mwisho wa nyanya: asubuhi lugha, mchana hesabu.

Mama Tela aliposikia hakulala vizuri, na asiyelala vizuri kambini hujulikana, kwa sababu kuta ni za magunia. "Amalize," jirani alimsikia akisema. "Umesikia, baba? Mpaka amalize." Bwana Pumzi alivuta pumzi.

Siku ya mtihani mama huyu alifanya kile ambacho mchumaji yeyote angefanya. Huwezi kumpeleka mwenye mikono myepesi kubeba kreti, wala mwenye mabega kuchambua. Asubuhi aliingia Redio, akaandika insha ndefu hata akaomba karatasi ya pili. Wakati wa mapumziko walibadilishana sare nyuma ya vyoo, na mchana akaingia Kimya, akamaliza hesabu mapema, akakaa akitazama nje. Matokeo yalipotoka, jina lile liliwashinda watoto wa mashamba yote. Afisa alipiga simu kwa wakubwa wake akiwa amesimama juu ya kiti, eti ndipo mtandao ulipo. Baada ya miaka ya kufukuza majivu ya meko, hatimaye alikuwa na mtoto mmoja wa kuonyesha.

Kesho yake Mama Tela alifika ofisini akiwa amevaa kanga mpya na kuwaongoza mabinti wawili. Ndani walikuwemo mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na Afisa.

"Tumekuja kushukuru," alisema. "Na kuuliza safari ni lini, maana nguo zao bado sijafua."

"Nguo zao?" Mwalimu mkuu aliwatazama mabinti. Alimtazama wa kulia, akamtazama wa kushoto, akavua miwani.

"Kitanda kisiwasumbue," Mama Tela aliendelea. "Hawa wamezoea kulala mmoja huku na mmoja kule. Kimoja kinatosha."

"Mama, aliyefanya mtihani ni yupi?"

"Asubuhi huyu. Mchana huyu."

Mwalimu wa darasa alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe sikuwa naumwa," alisema akijifuta macho. "Jamani, msimu mzima najiuliza kama naumwa."

Mwalimu mkuu hakucheka. "Huu ni udanganyifu."

"Nimemdanganya nani, mwalimu? Ulisema kiti kimoja. Nimechukua viwili?"

"Kiti ni cha mtoto mmoja."

"Hukusema hivyo. Na hakijakaa wazi hata siku moja. Waulize hawa wako wengine kama wanakuja kila siku."

"Hilo ni kweli, mkuu," alisema mwalimu wa darasa. "Mahudhurio yake ni ya kwanza shuleni."

"Mahudhurio ya nani?" alifoka mwalimu mkuu.

"Nikianza mstari mimi, akamaliza dada yangu," alisema Mama Tela, "zile nyanya ni za nani? Si za nyumba?"

"Shule si shamba, mama."

"Hilo naliona. Shambani tunavuna."

Afisa alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile alichokipanda jana yake. "Mtihani si walifaulu?" alisema polepole. "Yaani, kwa ujumla. Tukiangalia kwa ujumla."

Mwalimu wa darasa aliacha kucheka. Alichukua kipande cha chaki, akaandika ubaoni hesabu ya mgawanyo, ya kawaida tu, akamkabidhi Redio chaki. Redio aliitazama hesabu ile. Akauliza kama chaki ni ya shule au ya mwalimu mwenyewe. Akasema hesabu hii ni nzuri, imepangwa vizuri. Akasema yule mwenye pengo naye haijui. Akaendelea kuizunguka kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango, mpaka maneno yakamwishia, na hapakuwa na mtu katika chumba kile aliyewahi kuona yakimwishia.

Kisha mwalimu akampa Kimya kitabu, ukurasa wowote. Kimya aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Akalisoma. Akahamisha kidole. Alikwenda hivyo neno kwa neno, kama mtu anayevuka mfereji kwa kukanyaga mawe, na katikati ya sentensi jiwe likakosekana. Alisimama hapo. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho.

"Inatosha, mwanangu," alisema mwalimu. "Kaa."

Mama Tela aliwatazama mabinti, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amekuja kuchukua mtoto mmoja aliyesoma, na alichooneshwa ni watoto wawili ambao kila mmoja ameishia nusu. Alifungua fundo la kanga, akalifunga tena. "Mimi nilidhani wanapeana," alisema. "Jioni bombani. Nawasikia wanazungumza mpaka giza. Nilidhani wanapeana masomo."

Mabinti walitazama sakafu.

Ni Afisa aliyeokoa mambo, na aliyaokoa kwa woga. Hakuweza kuwarudia wakubwa wake kusema hana mtoto. Alitoka nje na simu, akasikika akisema kwamba kuna marekebisho madogo ya takwimu, na aliporudi alikuwa amepata muda. Bweni lilikuwa bado halijafunguliwa. Mtihani ungerudiwa kabla halijafunguliwa, kila binti kwa jina lake na karatasi yake, na mmoja akifaulu atakwenda.

"Lakini wawe darasani kila siku," alisema mwalimu wa darasa. "Wote wawili."

"Kiti hakuna," alisema mwalimu mkuu.

"Watakalia kreti. Kreti tunazo, shamba zima lile."

"Sisi Jumapili tunaondoka," alisema Mama Tela. "Tela linakwenda kwenye vitunguu."

Hapo kila mmoja alianza kukusanya karatasi zake. Haikuwa kazi yao.

Jioni hiyo alimkuta mumewe amejinyoosha juu ya mizigo.

"Baba, wewe utakwenda kwenye vitunguu."

"Sote tunakwenda."

"Unakwenda wewe. Mimi nabaki na watoto mpaka mtihani. Utashika mstari."

Bwana Pumzi alivuta pumzi, na mara hii ilikuwa ndefu kupita zote. "Na mgongo wangu?"

"Nenda nao."

"Mke wangu, unajua daktari alisema nini?"

"Daktari yupi?"

Alifikiri. "Kama ningekwenda," alisema, "angesema nisiiname."

Jumapili tela liliondoka naye akiwa amesimama kati ya magodoro, akitazama nyuma kama mtu anayepelekwa vitani. Kambi ilibaki na mbwa, majivu na nyumba moja. Mama Tela alipata kibarua cha kuosha kreti tupu nyuma ya banda. Aliichukia kazi ile tangu saa ya kwanza, kwa sababu ilikuwa ya kusimama mahali pamoja, na kreti uliyoosha jana inarudi leo ikiwa chafu vilevile. Alipoulizwa na mlinzi wa banda kama hachoki, alisema anachoka miguu kwa kutokwenda.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwa mara ya kwanza mabinti walikuwa chumba kimoja, na iligundulika kwamba Zamu alikuwa na marafiki wa Jumatatu ambao walikuwa maadui wa Jumanne. Yule wa dirishani hakujua tena amsalimie nani. Redio aliikaribia hesabu kwa chuki. "Kila siku wanagawana machungwa," alilalamika. "Watu gani hawa hawashibi, wala hawagombani?" Kimya alisoma akiwa amejificha nyuma ya mgongo wa mwenye pengo, midomo ikienda bila sauti, na mwalimu akamwacha hivyo wiki ya kwanza. Wiki iliyofuata akamtoa mbele. Alisoma ukurasa mzima bila jiwe kukosekana, na darasa, ambalo halikuwa na adabu siku nyingine, lilinyamaza mpaka akamaliza.

Mama Tela aliwaamuru wafundishane nyumbani. Walijaribu.

"Chukua moja kutoka kwa jirani," alisema Kimya.

"Jirani yupi? Kambi haina mtu."

"Jirani wa namba."

"Mbona humwambii kwanza? Unamchukulia tu?"

Kimya alitupa kalamu. Akaenda kulala bila kula, na alikuwa mtoto asiyewahi kuacha chakula.

Mtihani wa pili ulifanyika wakiwa wameketi pembe mbili za chumba, na Afisa mwenyewe amesimama katikati kama mwamuzi. Majibu yalitolewa mapema, kwa kuwa bweni lilikuwa linakaribia kufunguliwa. Mwalimu mkuu aliwaita ofisini bila tai siku hiyo.

Kimya alikuwa amepita. Hesabu zake zilikuwa juu, na lugha ilikuwa imevuka mstari wa kufaulu kama mtu anavyovuka mlango mfupi, kwa kuinamisha kichwa. Redio alikuwa ameandika insha ambayo mwalimu mkuu aliisoma mara mbili kwa raha yake. Katika hesabu alikuwa ameanguka, na si kwa mbali.

Mama Tela alimshika Kimya begani, akambana mpaka mtoto akakunja uso. Kisha akageuka. "Na huyu?"

"Huyu ana kichwa, mama," alisema mwalimu mkuu. "Alichokosa ni mwaka. Amekaa msimu mmoja tu darasani, na msimu wenyewe ni wa upande mmoja. Akirudia darasa la sita hapa, kila siku, mwakani kiti cha bweni kipo tena. Afisa amekiomba."

"Nimekiomba," alisema Afisa. "Wameniambia wataangalia."

"Hapa hapa? Mwaka mzima?"

"Akihama ataanza tena sehemu za ua, mama. Unajua mwenyewe."

Redio alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amesema neno tangu aingie. "Niende tu na mama," alisema sasa. "Kwenye vitunguu nitaanza upya. Nimezoea."

Nje trekta lilikuwa linaunguruma. Dereva wa tela, yule wa mlimani, aliingia na vumbi lake mpaka katikati ya ofisi bila kubisha hodi.

"Shemeji, nimekutafuta bandani. Mumeo kaniagiza. Mgongo umekataa."

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi. Mstari umekaa hauna mtu. Mnyapara kasema kesho ukikaa tena hivyo, anampa jirani yako. Mimi narudi sasa hivi, panda. Asubuhi utakuwa umeinama pale pale, hakuna aliyegundua."

Mama Tela alichungulia dirishani. Tela lilikuwa tupu, likimngoja mtu mmoja tu. Kila mtu ofisini alimtazama, hata mwalimu mkuu, ambaye kwa kawaida hutazama juu ya vichwa vya watu.

"Jirani yupi?" aliuliza.

"Yule mnene, wa mstari wa pili."

"Anachuma vibaya yule. Anakanyaga."

"Anakanyaga," dereva alikubali. "Sasa, shemeji, trekta linakula mafuta."

Aliendelea kutazama nje. Redio alikuwa ameshaanza kuivua sare, kifungo cha juu, maana sare hii ya pili waliazimwa na shule na ni ya kurudisha.

"Funga kifungo chako," mama yake alimwambia bila kugeuka. Kisha akamwambia dereva, "Mwambie yule jirani asikanyage upande wa mfereji. Udongo wa kule ni laini."

Dereva alikuna kichwa. "Na mumeo nimwambieje?"

"Mwambie arudi na godoro."